Sauti ya Mama Mkwe (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Daktari wa Msambweni amempiga Mama Mkwe marufuku kusema. Vinundu vimeota kwenye nyuzi za sauti yake, na mpaka Alhamisi, siku ya upasuaji, asitamke neno, hata kwa kunong'ona. Mwigizaji aliyekula kwa sauti yake maisha yote amepewa daftari na kalamu. Lakini waliposhuka kwenye steji ya Lunga Lunga, mjukuu wake akiwa ameingia duka la dawa, bodaboda ilitaka kumgonga mtoto, na bibi akasahau amri ya daktari. "We mwana, simama papo hapo!" Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai ya turungi chini ya mwarobaini akaangusha kikombe. "Mama Mkwe?" akasema. "Wewe si ulikufa mwaka 1984?"

SASA ENDELEA...

Mama Mkwe hakugeuka. Alivuta buibui kichwani, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona tupu, akamwonyesha kijana njia kwa kidole. Amewahi kuigiza wanawake wengi wanaokimbia, na anajua kwamba msikilizaji humtambua mwenye hofu kwa pumzi zake kabla hajasema lolote. Alizibana pumzi zake mpaka nyumbani.

Nyumba yenyewe ipo upande wa barabara ya Vanga, mwendo mfupi kutoka pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Horohoro. Ina baraza ya saruji, mkorosho mmoja uani na matuta ya mchicha. Hapa Lunga Lunga wanamwita Nyanya. Wanamjua kwa leso zake na kwa ukimya wake, kwani hata kabla ya daktari kumkataza hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuna jirani aliyewahi kuambiwa kwamba ndani ya nyumba ile anaishi mwanamke ambaye zamani, ikifika saa ya mchezo wa redio, wanawake walikuwa wakiepua sufuria jikoni ili wali usiungue wakimsikiliza.

Hata nusu saa haikupita.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Aliyeitikia alikuwa jirani, aliyekuwa uani kwake akisukuma mahamri ya kesho. "Karibu, babu. Unamtaka nani?"

"Namtaka Mama Mkwe."

"Mama Mkwe yupi? Wa redioni?" Jirani akapangusa unga mikononi. "Yule alikufa zamani, babu. Nilikuwa darasa la tatu, na mamangu alikataa kula siku nzima. Humu ndani kuna nyanya wa watu, tena mgonjwa. Daktari amemkataza kusema."

"Amesema leo. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

"Basi umefananisha."

Mzee alikaa kwenye baraza bila kualikwa, akafungua mkoba wake wa ngozi na kutoa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kaseti moja, wino wa lebo yake umekwisha kufifia. "Mimi nilikuwa dereva wa malori, natoka Tanga. Kitu hiki nilipewa mwaka 1984, nikaambiwa nimkabidhi Mama Mkwe mkononi mwake na si kwa mtu mwingine. Sauti ya mtu haifanani na ya mwingine, mwanangu. Mwambie nitarudi kesho baada ya alasiri. Kesho kutwa narudi kwetu, na kwa umri huu sijui kama nitavuka tena mpaka huu."

Nyuma ya mlango, Mama Mkwe alikuwa amesimama akisikia yote. Alikuwa ameuma ncha ya leso.

* * *

Mjukuu alirudi na dawa jua likizama. Ana miaka 21 na anasomea uuguzi katika chuo cha mafunzo ya udaktari pale Msambweni. Ndiye aliyemlazimisha nyanya yake kwenda hospitali baada ya kusikia sauti ikikwaruza tangu mwezi wa Ramadhani. Mama yake yuko Muskati, anafanya kazi za nyumbani, hupiga simu kila Ijumaa. Binti huyu amelelewa na nyanya tangu alipoachishwa ziwa.

"Nyanya, jirani ananiambia kuna mzee amekuja kukuulizia. Ni nani?"

Bibi alimwashiria akae. Akafungua daftari, akaandika kwa muda mrefu, kisha akamgeuzia ukurasa. Usiku ule walikaa hivyo kwenye mkeka, mmoja akiandika na mwingine akisoma, malori yakinguruma huko barabarani. Nayaweka hapa maneno yake kama alivyoyaandika.

"Mjukuu wangu, kesho atakuja mtu. Kabla hajaja nataka ujue mimi ni nani. Ulikuwa ukijua kwamba nyanya yako alipata kuigiza redioni. Hukujua kwamba ndimi Mama Mkwe.

"Nilizaliwa Vanga mwaka 1951, mtoto wa mvuvi. Redio ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mwenye duka. Jioni aliiweka dirishani, na sisi watoto tukakaa mchangani kusikiliza Sauti ya Mvita kutoka Mombasa. Nikirudi nyumbani niliwaigiza wote, mtangazaji, mwimbaji, hata mikwaruzo ya mawimbi. Mama alinikataza. Nikawa naigiza kisimani, ambako wanawake walicheka mpaka wakamwaga maji.

"Niliolewa Mombasa, Majengo. Mwaka 1972 nikasikia Sauti ya Kenya inatafuta waigizaji wanawake. Mtayarishaji hakunipa mchezo wa kusoma. Alichukua karatasi iliyofungiwa sukari, akaandika: unga ratili mbili, mafuta ya taa chupa moja, nazi tatu. Akaniambia, soma hii kama mke mpya aliyetumwa dukani. Halafu soma kama mwenye duka anayedai deni lake. Halafu soma kama mama mkwe aliyemtuma. Nilipofika kwenye nazi tatu kwa sauti ya mama mkwe, fundi mitambo aliyekuwa nyuma ya kioo alivua hedifoni akanitazama. Nilijua nimepata kazi.

"Babu yako alikubali kwa sharti moja. Jina langu lisitajwe hewani, kwa sababu lilikuwa limebeba la babangu na la kwake, na ndugu zake walisema mwanamke kusikika mpaka Nairobi ni aibu ya ukoo. Kwa hiyo kila mchezo ulipokwisha majina ya wenzangu yalisomwa, na langu likawa: na Mama Mkwe. Miaka 12."

Hapa mjukuu alitaka kuuliza neno. Bibi akamwinulia kidole, akaendelea kuandika.

Msomaji, niruhusu nikueleze kazi ile ilivyokuwa, maana kijana wa leo anaweza kudhani mwigizaji wa redio ni mtu wa kukaa kitini na kusoma karatasi. Siku zile maikrofoni ilikuwa moja na waigizaji sita wameizunguka. Mfupi alisimamia kasha. Karatasi za mchezo zilichapwa kwenye karatasi laini, kwa sababu ngumu hulia ikifunuliwa, na ukimaliza ukurasa hukuufunua bali uliuacha uanguke wenyewe kwenye zulia. Kulia hakukuwa na machozi. Ulikuwa ugumu wa koo na kugeuza uso kidogo pembeni ili maikrofoni isipasuke. Anayetoka chumbani alirudi nyuma hatua tatu huku akisema. Bahari ilikuwa beseni la maji na kiganja, moto ulikuwa karatasi ya nailoni ikifinyangwa, punda alikuwa vifuu viwili vya nazi. Taa nyekundu ikiwaka, mtu akikohoa, mnaanza upya tangu mwanzo wa onyesho, au fundi achukue wembe akate utepe na kuuunga kwa gundi. Na baada ya yote hayo mwigizaji alitia mkononi posho ya nauli na kitoweo.

Ndivyo Mama Mkwe alivyoishi. Alimchukia yule mwanamke aliyekuwa akimwigiza, na ndiyo maana alimweza. Alimpa kikohozi kifupi kabla ya kila tusi, na jikoni kwote Pwani watu wakawa wanakohoa vile wakitaka kutaniana.

"Siku moja," aliandika, "nilikwenda Marikiti kununua nazi. Niliponyanyua mdomo kuuliza bei, muuzaji alinipokonya kapu. Akaniambia, wewe ndiye unayemtesa yule binti! Ondoka hapa, sikuuzii! Watu wakajaa. Aliyeniokoa ni yule binti mwenyewe. Nilikuwa naye. Akasema kwa sauti ile ile ya redioni, mwacheni mama yangu, nyumbani hanipigi. Soko zima likanyamaza, kisha likacheka, na nazi nikapewa bure.

"Huyo ndiye mwenzangu. Kwenye mchezo alikuwa mkaza mwana wangu, na mimi nikamwita hivyo hata nje ya mchezo, Mkaza Mwana. Alitoka Tanga mwaka 1975, ana miaka 19, ana sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine, nyembamba mwanzoni mwa neno na nzito mwishoni. Alikaa kwangu. Mume wangu alipofariki mwaka 1979 ndiye aliyelala miguuni pangu siku zote za eda.

"Hakuweza kwenda kwao. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Wewe unavuka Horohoro leo kununua vitenge na kurudi kabla ya adhuhuri. Sisi tulikaa zaidi ya miaka sita hapa pamefungwa, watu wa ukoo mmoja, huyu ng'ambo hii na yule ng'ambo ile, maiti zikizikwa bila ndugu. Wengine walipita njia za panya, na wengine walikamatwa wakipita.

"Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili, tulikuwa wawili nyumbani Majengo tangu alfajiri. Mwenzangu alikuwa na shughuli yake ya kike, nami nimemshika mkono. Redio ilikuwa wazi. Tukasikia kwamba serikali imepinduliwa. Tukasikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela, sauti niliyoizoea katika Je, Huu ni Ungwana?, nikamwambia mwenzangu, huyu hasomi kwa hiari yake, msikilize pumzi. Mwigizaji humjua mwenzake aliyeshikiwa bunduki. Jioni wanajeshi watiifu walikuwa wameirudisha redio, na sisi tulikuwa na furaha yetu nyingine ndani ya nyumba. Mbotela alipofariki Februari 2025 uliniona nikilia ukanicheka, ukasema, nyanya, huyu ni ndugu yako? Nilikuwa nalilia siku ile.

"Mwezi wa Desemba ikaja habari kwamba mama yake mahututi. Akasema anakwenda. Nikamwambia mpaka umefungwa, akasema mama hafungwi. Akapitia Vanga usiku kwa miguu kuelekea Jasini. Akaniachia amana nimtunzie. Alisema, dada, nikichelewa sana ni arobaini."

Mjukuu aliinua macho. "Amana gani, nyanya?"

Bibi hakuandika jibu. Alinywa maji, akapindua ukurasa.

"Arobaini ikapita. Mwaka ukapita. Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa. Kila lori lililotoka Tanga nililitazama, mwanzo kwa kuomba ashuke. Baadaye, mjukuu wangu, nikawa naomba asishuke.

"Mwaka 1984 alikuja mtu langoni pa studio. Dereva, kijana bado. Alikuwa akimuulizia Mama Mkwe kila anayetoka. Hakujua jina langu kwa sababu hakuna aliyelijua, wala sura yangu hakuijua. Nilimsikia kabla sijafika langoni. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nikauchukua, nikajifunga leso kiunoni, nikakunja mgongo. Siku ile nilitumia sauti ambayo sikuwahi kuitumia redioni, na sijaitumia tena. Nikamwambia..."

Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa. Mjukuu alipomtazama, nyanya yake alikuwa amefumba macho, na mkononi mwake mlikuwa na karatasi iliyofinyangwa.

* * *

Alichomweleza asubuhi yake, kwa mistari michache, ni kifo.

Wiki ile ile ya mgeni, Mama Mkwe alimwendea mtayarishaji akamwomba mhusika wake afe. Mtayarishaji alidhani anataka nyongeza ya posho, akamwahidi. Akakataa. Mchezo ukaandikwa: Mama Mkwe anaugua, anamwomba msamaha mkaza mwana ambaye hayupo, anakata roho. Siku ya kurekodi maziko, maneno yake yalikuwa yamekwisha lakini hakuondoka studio. Kulikuwa na kasha la mchanga na kokoto lililotumika kwa sauti ya nyayo. Aliomba yeye ndiye aushike mchanga. Wenzake wakasoma dua mbele ya maikrofoni, naye akawa anaudondosha kwa kiganja, kidogo kidogo, udongo wa kaburi lake mwenyewe.

Barua za rambirambi zilijaa magunia. Na tangu siku hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2009 aliigiza muuguzi, mwalimu, mganga, mtoto wa kiume wa miaka saba, bibi harusi akiwa na miaka 45, na kila mmoja kwa sauti yake, isipokuwa ile moja. Hakuitoa hata alipotaniwa nyumbani. Hebu fikiria mtu anayeishi miaka 40 akililinda koo lake lisiteleze.

Kabla na baada ya Sauti ya Kenya kubadilika kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, alifuatilia pia kazi za wenzake kwa wivu wa kitaaluma na mapenzi. Mwaka 1987 Ushikwapo Shikamana ilipoanza, mchezo wa kuzungumzia uzazi wa mpango kwa hadithi badala ya hotuba, aliusikiliza akiandika makosa na uzuri wake pembeni ya daftari la matumizi. Na 1993 Radio Tanzania ikaja na Twende na Wakati. Hapa mpakani, ambako redio ya ng'ambo husikika kama ya nyumbani, mchezo ule ulikuwa na mwenyewe: Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu mkewe anayechoka na kujitafutia biashara yake. Lunga Lunga ya miaka ile ilikuwa na akina Mkwaju wengi wakilala foleni. Ukimwi ulikuwa ukipita barabara ile ile waliyopita wao. Watafiti waliupima mchezo ule kwa kuacha mtambo wa Dodoma usiurushe mpaka 1995, wapate kulinganisha waliosikia na wasiosikia, na waliosikia walionekana kubadilika. Mama Mkwe hakuhitaji utafiti. Aliwaona madereva wakizima injini saa ya mchezo.

Hata hivyo, ukiniuliza sauti yake iko wapi leo, ile ya miaka 12, nitakujibu kwamba haipo. Utepe ulikuwa ghali. Mchezo ukisharushwa, utepe ulifutwa ukarekodiwa mwingine juu yake, wiki kwa wiki. Wanawake wale walitufundisha kusema na kuoana na kugombana kwa staha, na tukawafuta. Jina halikutajwa, sauti haikuhifadhiwa. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimekua nikiwasikiliza, na siwezi kumwonyesha mwanangu hata mmoja wao.

* * *

Alasiri ilipita. Jirani alikuwa ameazima redio kaseti kwa maalimu wa madrasa, ya zamani, mlango wake umefungwa kwa mpira. Mama Mkwe alikaa kwenye mkeka akiwa amejitanda leso mpya, daftari mapajani.

"Hodi!"

Mjukuu ndiye aliyekwenda mlangoni. Jana hakuwepo, mzee hakuwa amemwona wala kumsikia.

"Shikamoo, babu. Karibu, pita ndani."

Mzee aliyekuwa amekwisha kuinua mguu kuvuka kizingiti aliurudisha chini. Akashika mwimo wa mlango.

"Sema tena."

"Nimesema karibu, babu. Hujambo?"

"Subhanallah." Alimtazama binti, kisha akatazama ndani kwa bibi, kisha akamrudia binti. "Wewe ni nani wake?"

"Mjukuu wake."

"Mjukuu wa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mzee akaingia, akavua kofia, akakaa mbali kidogo na bibi. Hakumkabidhi kaseti mkononi kama alivyoapa. Aliiweka katikati ya mkeka.

"Dada," alimwambia bibi, "mimi ninayajua maneno ya kanda hii kwa moyo. Nimeyasikiliza njiani Tanga, Arusha, Mombasa, mpaka Mkwaju wa redioni akaniambia niache ujinga wangu nikaacha, nikaendelea kuisikiliza kanda hii. Sikuiharibu. Kila mwaka nilikuwa naizungusha kwa kalamu isigande. Isikilize."

Mjukuu aliiweka, akabonyeza. Kwanza mkwaruzo. Kisha adhana ya mbali, sauti za watoto, mtu akivuta kiti. Kisha mwanamke akasema.

"Dada yangu, assalamu alaikum. Ni mimi, Mkaza Mwana wako."

Mjukuu aliondoa mkono kwenye mashine kwa ghafla. Ilikuwa sauti yake. Nyembamba mwanzoni mwa neno, nzito mwishoni. Ilikuwa sauti anayoisikia kila anapojirekodi kwenye simu kumpelekea mama yake Muskati.

"Usinichukie," kanda ikaendelea. "Mama alifariki siku ya tatu baada ya kufika kwangu. Na mimi sikufika mzima. Nilivunjika mguu porini usiku ule, nikalala Bombo miezi mitano, na ukaunga vibaya. Siwezi kutembea mpaka Ngamiani sokoni, sembuse Mombasa. Sasa mpaka umefunguliwa na nasikia malori yanapita. Huyu kijana ni jirani yangu, ni mwaminifu. Nikipata nguvu nitakuja mwenyewe. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja tu. Sina picha ya mwanangu. Nilimwacha ana miezi minne, na sura yake imeanza kunitoka. Igeuze kaseti hii upande wa pili. Nirekodie sauti yake. Hata akilia. Hata akikohoa. Nirekodie, umpe huyu kijana aniletee, nilale naye."

Kanda ikaendelea kuzunguka bila maneno, mpaka kitufe kikaruka chenyewe.

Jirani, aliyekuwa mlangoni, alijifuta macho kwa mkono wenye unga. Mjukuu alimgeukia bibi. "Nyanya. Mwanawe ni nani?"

Bibi alishika kalamu. Haikuandika. Aliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Nyanya, mama yangu alizaliwa lini?"

Mzee ndiye aliyenyoosha mkono, akatoa kaseti, akaigeuza upande wa pili, akabonyeza. Wakasikiliza. Hakukuwa na kitu. Mkwaruzo mtupu.

"Niliurudisha hivi," alisema. "Nilisimama langoni pa redio pale Mombasa tangu asubuhi. Aliyetoka kuzungumza nami alikuwa kikongwe mmoja mfagiaji, mgongo umepinda, sauti imekauka. Aliniambia maneno ambayo mpaka leo nikilala nayasikia. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa akilia."

Mama Mkwe aliweka daftari chini.

"Nyanya, usiseme!" Mjukuu alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja. "Alhamisi bado. Daktari alisema ukisema tena utaipoteza kabisa. Andika, nyanya. Nakuomba, andika."

Bibi aliuondoa mkono wa mjukuu wake polepole, akaubusu. Akainuka. Akajifunga leso kiunoni. Akakunja mgongo. Na kutoka kwenye koo lile lililojaa vinundu haikutoka sauti ya Mama Mkwe, ile aliyoisubiri kila mtu chumbani. Ilitoka sauti kavu, ya mwanamke mkongwe kuliko yeye, sauti ambayo haikusikika duniani tangu mwaka 1984.

"Hayupo, baba. Walikufa wote wawili, yeye na kitoto. Rudi kwenu salama."

Mzee alisimama wima kama aliyechomwa. Kofia ilimwanguka. Kwa muda mrefu alimtazama tu, midomo ikimtetemeka, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo jirani mlangoni alilazimika kusogea ili aisikie:

"Kumbe ni wewe. Ni wewe uliyeniambia. Na mimi nikaenda Tanga, nikamwambia mama mtu kwamba mwanawe amekufa." Akameza mate. "Dada, unajua alifanya nini?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Je, Mkaza Mwana alifanya nini? Yu hai? Na Mama Mkwe, baada ya kuvunja amri ya daktari kwa mara ya pili, atafika Alhamisi akiwa na sauti? Usikose sehemu ya nne.